Pasi ya Treni au Tiketi Mojamoja? Mwongozo Kamili wa Safari ya Miji Mingi Ulaya kwa Anayeondokea Tanga

Watu wengi wanaopanga likizo ya miji mitano sita ya Ulaya huanza kwa kuuliza kama pasi ya treni (tiketi moja ya kupandia treni nyingi kwa idadi ya siku ulizolipia) ni nafuu. Swali hilo halijibiki mpaka ujue mambo mawili: utapanda treni siku ngapi, na visa yako itatoka lini. Hilo la pili miongozo iliyoandikwa huko hailigusi, maana mwenye kuiandika haombi visa ya kutembea kwao. Kwa mtu wa Tanga ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Hapa kwetu tumezoea nauli ya kupangwa. Ukienda stendi ya Kange leo au wiki ijayo, nauli ya basi la Dar inafuata viwango vya LATRA. SGR nayo ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, daraja la kawaida lilikuwa shilingi 13,000 Dar hadi Morogoro na 31,000 Dar hadi Dodoma, na aliyekata tiketi mapema hakupata nafuu kumzidi aliyekata jana yake. Treni za masafa marefu za Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uhispania hazina utaratibu huo. Nauli zake hupanda kama za ndege. Berlin hadi Munich anayenunua mapema sana anaweza kuipata kwa chini ya yuro 20, na anayenunua siku ya safari akalipa zaidi ya yuro 100 kwa treni hiyohiyo.

Ile tiketi ya chini ina masharti yake. Imefungwa kwenye treni moja ya saa moja ya siku moja, na mara nyingi ukiahirisha safari pesa imekwenda. Pasi ya treni ni kinyume chake: bei yake haipandi kwa sababu safari imekaribia, unachagua treni ukiwa hukohuko, na pasi ya kawaida ambayo hujaianzisha unaweza kuirudisha kwa makato. (Zile za ofa mara nyingi hazirudishwi, soma masharti kabla ya kushangilia punguzo.)

Sasa iweke visa katikati. Ombi la visa ya Schengen, ile visa moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Likishapokewa, jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini linaweza kufika 45, na miadi yenyewe ya kulipeleka ina foleni yake. Kwa hiyo mshauri wa huko anapokwambia "nunua tiketi miezi mitatu kabla, utaokoa nusu," anakwambia uweke pesa kwenye safari ambayo hujaruhusiwa kuifanya. Msimamo wangu ni huu: kabla ya visa usinunue tiketi yoyote isiyorudishwa, hata iwe ya yuro 18. Visa ikitoka na bado una miezi miwili mbele, kaa chini ulinganishe. Ikitoka zikiwa zimebaki wiki tatu, tena ni Julai, pasi itashinda mara nyingi.

Hatua ya 1: Andika njia kabla ya kufungua tovuti yoyote

Tuchukue familia ya Chumbageni: baba, mama, bibi wa miaka 63, binti wa miaka 14 na mtoto wa miaka 9. Wana wenyeji Eckernförde, ule mji mdogo wa pwani ya Baltiki, kaskazini mwa Ujerumani, ambao ni mji rafiki wa Tanga tangu 1963. Wanataka wakae huko wiki nzima, halafu waione Ulaya kidogo. Njia yao wameiandika hivi:

- Amsterdam hadi Eckernförde, kupitia Hamburg na Kiel
- Eckernförde hadi Berlin
- Berlin hadi Munich
- Munich hadi Zürich
- Zürich hadi Paris
- Paris kurudi Amsterdam kupanda ndege

Ukiwa na karatasi hii mkononi, angalia vitu viwili kwanza. Cha kwanza ni nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, kwa sababu visa utaiomba kwa ubalozi wa nchi hiyo. Kwa familia hii ni Ujerumani, japo ndege inatua Uholanzi. Cha pili ni mipaka. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen, kwa hiyo visa ni ileile. Uingereza haimo. Treni ya Paris hadi London ni safari ya zaidi kidogo ya saa mbili, lakini inahitaji visa nyingine kabisa, yenye ada yake na makaratasi yake. London iache iwe safari ya peke yake.

Kisha tazama ule mstari wa mwisho. Kutoka Paris kurudi Amsterdam ni gharama ya watu watano kwa ajili tu ya kuifuata ndege. Kabla hujakata tiketi ya ndege, uliza bei ya kuingilia mji mmoja na kutokea mji mwingine. Mara nyingi tofauti ni ndogo, na kama utakavyoona kwenye hesabu, mstari huo mmoja una uzito kuliko unavyoonekana.

Hatua ya 2: Hesabu siku za treni, usihesabu siku za likizo

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Mtu ana likizo ya siku 21, anaona pasi ya siku 22 mfululizo, anainunua. Kumbe siku 15 kati ya hizo atakuwa anatembea kwa miguu mjini au amekaa sebuleni kwa wenyeji wake.

Pasi za Eurail (pasi za treni za Ulaya kwa wasioishi huko) za nchi zote, zinazofika nchi 33, ziko za namna mbili. Zipo za mfululizo: siku 15, siku 22, mwezi mmoja, miwili au mitatu. Na zipo za kuchagua siku: 4, 5 au 7 ndani ya mwezi mmoja, na 10 au 15 ndani ya miezi miwili. Hizi za kuchagua ndizo zinazomfaa mtu wa likizo ya kawaida. Siku moja ya safari huanza saa sita usiku na kuisha dakika moja kabla ya saa sita usiku unaofuata, na ndani yake unapanda treni nyingi utakavyo. Ndiyo maana Amsterdam hadi Eckernförde, ambako utabadilisha treni mara kadhaa, ni siku moja tu ya pasi. Ukilala Hamburg njiani zinakuwa mbili. Treni ya usiku inahesabiwa siku ya kuondoka peke yake, ilimradi hubadilishi treni nyingine baada ya saa sita usiku.

Familia yetu ina mistari sita, yaani siku sita. Pasi ya siku sita haipo. Ama wanunue ya siku 7 na kutafutia ile ya ziada kazi, ama wanunue ya siku 5 na kuuacha mstari mmoja nje. Shikilia hapo, tutairudia kwenye hesabu.

Na siku ya pasi usiitumie kwa safari fupi. Kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol hadi katikati ya Amsterdam ni kama robo saa. Lipa hizo yuro chache, siku yako iweke kwa ajili ya Berlin na Munich.

Hatua ya 3: Zijue pasi zenyewe

Eurail ni ya watu wasioishi Ulaya. Wanaoishi huko wananunua Interrail. Treni ni zilezile na nchi ni zilezile, ila kinachotazamwa ni unapoishi. Kama shemeji yako anayeishi Hamburg atafuatana nanyi, yeye hawezi kununua Eurail, na ile Interrail yake ndani ya Ujerumani itamruhusu safari moja ya kutoka na moja ya kurudi tu. Mpangie mapema, maana yeye ndiye atakayelipa tiketi ya Berlin kwa bei ya dirishani huku nyinyi mmekaa.

Ujerumani ina kitu kinachoitwa Deutschlandticket, na kwa mtu anayekaa sehemu moja kwa muda hiki ni kizuri kuliko pasi yoyote. Kilianza Mei 2023 kwa yuro 49 kwa mwezi, kikapanda hadi 58 Januari 2025 na 63 Januari 2026. Kinapanda treni zote za mikoa, mabasi, tramu na treni za chini ya ardhi nchi nzima. Hakipandi treni za kasi za ICE wala zile za masafa marefu za IC na EC. Kutoka Hamburg kwenda Kiel na Kiel kwenda Eckernförde ni treni za mikoa, kwa hiyo huko kinakidhi haja yote. Mitego yake ni miwili. Kinafuata mwezi wa kalenda: ukifika tarehe 20 na kuondoka tarehe 10, umelipa miezi miwili. Na ni cha kujiandikisha, yaani kinaendelea kukata pesa kila mwezi mpaka ukifute, na kufuta kwa mwisho wa mwezi kunatakiwa kufanywe kabla tarehe 10 haijapita. Mtu aliyesharudi Tanga na kukuta benki imekatwa pesa za mwezi mwingine hana wa kumlaumu. Tena hakina bei ya mtoto. Kuanzia miaka sita kila mtu analipa chake.

Kwa matembezi ya siku moja moja ukiwa Eckernförde, kama Lübeck, Flensburg au Hamburg, iulizie Schleswig-Holstein-Ticket. Ni tiketi moja ya siku inayobeba hadi watu watano kwenye treni za mikoa. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi. Familia ya watu watano kama hii ni kana kwamba imekatiwa wao.

Uswisi nayo ina ya kwake, Swiss Travel Pass, ya siku 3, 4, 6, 8 au 15 mfululizo. Hiyo inabeba treni, mabasi ya milimani, boti za ziwani, tramu za mijini na viingilio vya makumbusho zaidi ya 500. Bei yake inakata pumzi. Inafaa kwa mtu anayezunguka Uswisi kila siku. Anayelala Zürich siku mbili na kuondoka haimhusu.

Hatua ya 4: Angalia umri wa kila mmoja

Eurail inawapa vijana wa miaka 12 hadi 27 punguzo la robo, na wa miaka 60 na kuendelea asilimia 10. Mtoto wa miaka 4 hadi 11 ni bure akiwa na mtu mzima, wawili kwa kila mtu mzima, lakini pasi yake ya bure lazima iwekwe kwenye oda. Usipoiweka, mtoto hana tiketi. Chini ya miaka minne hahitaji chochote.

Ila kabla ya kufurahia, jua kwamba tiketi za kawaida za masafa marefu za Ujerumani zina ukarimu mkubwa zaidi kwa familia: watoto chini ya miaka 15 wanasafiri bure wakifuatana na mkubwa, ilimradi wale wa miaka 6 hadi 14 wameandikwa kwenye tiketi wakati wa kununua. Kwa hiyo ndani ya Ujerumani familia yetu ya watano ni ya walipaji watatu. Uswisi pia ina kadi ya familia inayowapandisha bure watoto wa miaka 6 hadi 15 wakiwa na mzazi. Ukiwa na watoto watatu wanne wa umri huo, na visa imetoka mapema, tiketi mojamoja zinaweza kuipiku pasi bila jasho.

Hatua ya 5: Ada za siti, gharama isiyotajwa kwenye bango

Pasi inakupa haki ya kupanda treni. Kuna treni ambazo haki hiyo haitoshi: lazima uwe na siti iliyowekewa nafasi, na ada yake unalipa juu ya pasi. Ufaransa treni za kasi za TGV zote. Italia treni za kasi kama Frecciarossa. Uhispania karibu masafa marefu yote. Eurostar, inayounganisha Paris, Brussels, Amsterdam na London, ndiyo kali kuliko zote: ina idadi maalumu ya siti kwa wenye pasi, na zikiisha zimeisha hata kama behewa lina nafasi. Siku za Julai na wikiendi huisha mapema.

Ujerumani, Austria, Uswisi, Ubelgiji na Uholanzi kwa sehemu kubwa unapanda tu. Mtu mwenye pasi anayezungukia nchi hizi anaipata thamani yake yote. Anayekwenda Paris, Barcelona na Roma pasi inamletea foleni ya ada, na uhuru alioulipia unabaki jina. Kama njia yako yote iko kusini mwa Ulaya, mimi ningenunua tiketi mojamoja hata kwa kuchelewa kidogo.

Kuweka siti kwa hiari kwenye ICE ni yuro chache. Kwa bibi wa miaka 63 na safari ya saa nne, weka. Mwenye tiketi ana haki ya kupanda, hana haki ya kukaa.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Mwaka 2025 pasi ya Eurail ya nchi zote, daraja la pili, mtu mzima, ilikuwa karibu yuro 380 kwa siku 7 ndani ya mwezi mmoja na karibu 318 kwa siku 5. Bei hubadilika, lakini namna ya kuhesabu ni hiihii.

Siku 7: baba na mama 760, bibi 342, binti 285, mtoto 0. Jumla 1,387. Juu yake ada za siti kwenye treni mbili, Zürich–Paris na Paris–Amsterdam. Chukua yuro 30 kwa kila mtu kila treni, na mtoto naye analipa siti. Hiyo ni 300. Jumla kuu ni karibu 1,690.

Siku 5, na mstari wa Munich–Zürich ukanunuliwa peke yake: baba na mama 636, bibi 286, binti 239, jumla 1,161. Ongeza 300 za siti, unapata 1,461 pamoja na tiketi za Munich–Zürich. Tofauti na ile ya kwanza ni yuro 226, na watu watano kwa mwendo wa saa tatu na nusu, visa ikiwa imetoka kwa wakati, ni nadra kufikisha kiasi hicho. Mabasi pia yapo njia hiyo.

Sasa rudi kwenye ule mstari wa mwisho. Ndege ya kurudi ikitokea Paris, mistari inabaki mitano, pasi ya siku 5 inaenea yote, na ada za siti zinakuwa za treni moja, 150. Jumla 1,311. Yaani kubadilisha uwanja wa kuondokea kumewaondolea karibu yuro 380 kulinganisha na mpango wa kwanza, na hawajaacha mji hata mmoja.

Kisha weka pembeni yake bei za tiketi mojamoja za siku hiyo unayohesabu, mstari kwa mstari, ukikumbuka kwamba ndani ya Ujerumani watoto hawalipi. Chukua bei iliyopo kweli kwenye tovuti kwa tarehe zako. Ile ya "kuanzia" iliyo kwenye tangazo iache. Kama tiketi mojamoja ni pungufu kwa robo au zaidi, nunua hizo. Kama zinakaribiana, chukua pasi, kwa sababu ndani ya bei yake mmenunua na ruhusa ya kuchelewa kuamka.

Hatua ya 7: Kununua kutoka Tanga

Visa kwanza. Ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bima ya safari ya angalau yuro 30,000 ni lazima. Kwenye ombi utatakiwa kuonyesha mpango wa safari na malazi. Kwa treni, andika njia na tarehe.

Malipo ni kwa kadi ya Visa au Mastercard. Nenda benki kabla, uwaambie wafungue manunuzi ya mtandaoni na matumizi ya nje ya nchi, na uulize ukomo wa siku. Yuro 1,300 kwa mkupuo mmoja zinaweza kugonga ukomo huo na muamala ukakataliwa, ukadhani tovuti mbovu. Namba ya siri ya kuthibitisha muamala huja kwa ujumbe wa simu kwenye laini yako ya Tanzania. Ukiwa Ulaya bila laini hiyo kuwa hewani hutanunua hata siti ya yuro tano. Ibakize kwenye simu, na intaneti utumie laini nyingine.

Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti. Sisi wa majina matatu hapo ndipo tunapojikwaa: tiketi ya ndege ina mawili, pasi ina matatu, kitambulisho cha NIDA kina tahajia yake. Mkaguzi wa treni analinganisha pasi na pasipoti tu, kwa hiyo fuata pasipoti herufi kwa herufi. Pasi haihamishiki kwa mtu mwingine, hata ndugu wa tumbo moja.

Hatua ya 8: Kuianzisha na kuitumia

Pasi ya Eurail siku hizi inakaa kwenye simu, ndani ya programu ya Rail Planner. Una miezi 11 ya kuianzisha tangu itolewe, kwa hiyo hakuna haraka. Usiianzishe ukiwa Tanga kwa shauku, maana ikishaanza kurudishwa haiwezekani.

Kila siku ya safari unaingiza treni unayopanda, unaiunganisha na pasi, na hapo msimbo wa kuonyesha mkaguzi unatokea. Fanya hivyo kabla ya kupanda. Mwenye pasi aliyesahau kuiwasha siku hiyo anahesabiwa kama hana tiketi. Siku uliyoiwasha mapema halafu mipango ikageuka unaweza kuizima, mradi haijaanza. Programu inatakiwa ikutane na intaneti angalau mara moja kila siku tatu. Bibi asiye na simu janja, pasi yake huwekwa kwenye simu ya mwanawe, lakini hapo lazima wasafiri pamoja. Chaji ya akiba si anasa. Simu ikizima njiani, pasi imezima nayo.

Angalia pia matengenezo ya reli. Njia ya Hamburg–Berlin ilifungwa Agosti 2025 kwa ukarabati mkubwa na treni zikawa zinazunguka, safari ikarefuka. Ratiba uliyoiona mwaka jana usiitegemee.

Hatua ya 9: Usafiri wa ndani ya miji

Pasi ya treni haiingii kwenye metro, tramu za mjini wala daladala zao, isipokuwa treni za mjini na vitongoji kama S-Bahn za miji ya Ujerumani, na hizo nazo zinakula siku ya pasi. Kila mji una yake.

Amsterdam unagusisha kadi ya benki ukipanda na ukishuka. Kila mtu kadi yake. Kadi moja haiwalipii wawili. Kwa familia nunueni tiketi za siku.

Berlin tiketi ya karatasi lazima uipige muhuri kwenye kile kimashine kidogo kabla ya kupanda. Hakuna geti la kukuzuia, ila wakaguzi wamevaa nguo za raia na faini ni yuro 60. Uwanja wa ndege uko ukanda wa nauli C. Tiketi ya kanda A na B haifiki huko.

Paris tangu Januari 2025 safari ya metro au treni ya mkoa ina bei moja popote uendapo. Mwaka huo ilikuwa yuro 2.50, na ya uwanja wa ndege 13. Tiketi inapakiwa kwenye kadi ya Navigo Easy, kila mtu ya kwake. Ile Navigo ya wiki inahesabu Jumatatu hadi Jumapili, kwa hiyo anayefika Ijumaa anailipia siku ambazo hakuwepo.

Uswisi, miji kama Basel, Bern, Geneva na Luzern humpa mgeni anayelala hotelini usafiri wa bure wa mjini. Zürich haimo. Ukiwa hujaamua ulale wapi, hilo linatosha kukuhamishia Luzern.

Kwa anayewaza Japani

Japan Rail Pass ya siku 7 ilikuwa yeni 29,650 mpaka Oktoba 2023, ikapandishwa hadi 50,000. Tokyo hadi Kyoto ni karibu 14,000 kwenda, 28,000 kwenda na kurudi. Na nauli za Shinkansen, treni za kasi za huko, kama za kwetu, hazipai kwa kuchelewa kununua. Kwa hiyo ile hofu ya nauli kupanda wakati unasubiri visa haipo huko, na kwa Tokyo, Kyoto na Osaka pekee nunua tiketi mojamoja. Pasi inaanza kulipa ukifika Hiroshima na kurudi, na kuongeza mji mwingine ndani ya wiki hiyohiyo.

Treni ikichelewa

Itachelewa, hasa Ujerumani. Ukiwa na pasi panda inayofuata. Kama ilikuwa ya lazima siti, nenda dirishani wakubadilishie. Ukiwa na ile tiketi ya bei ya chini ya Ujerumani, ucheleweshaji wa dakika 20 au zaidi unaotarajiwa mwisho wa safari unakufungulia kupanda treni nyingine. Saa nzima inakupa fidia ya robo ya nauli, saa mbili nusu yake. Madai yapelekwe ndani ya miezi mitatu, na yanaweza kutumwa ukiwa umesharudi Tanga. Wenye Eurail wana utaratibu wao wa fidia unaotegemea safari zilizorekodiwa kwenye programu, kwa hiyo usiifute kwenye simu siku unayotua Dar.